Nguvu siyo mchango? Nimesomba maji siku tatu msibani, jina langu limesomwa "bado"

Kobe wa Mbagala
Wakuu salaam. Niende kwenye mada.

Wiki mbili zilizopita jirani yangu alifiwa na mumewe. Mtaani kwetu utaratibu ni ule ule, mjumbe anapita na daftari, kila nyumba elfu tano. Mwezi huo sikuwa na hata hela ya luku, na sikutaka kukopa ili nionekane. Nikasema nitatoa nilichonacho, yaani mwili. Maji yalikuwa yamekatika, nikasomba ndoo kwa ndoo kutoka kisima cha mtaa wa pili. Nimefunga turubai nikiwa nimesimama juu ya ukuta, nimepanga viti mia na ushei, usiku nimelala nje na wanaume wenzangu, siku ya mazishi nimeingia kaburini na jembe. Viganja vilitoka malengelenge.

Baada ya kuzika mjumbe akasimama kusoma michango, nyumba kwa nyumba. Ilipofika yetu akasoma "bado". Mbele za watu. Mke wangu hakunisemesha mpaka jioni, halafu akaniambia, "Ungekopa tu."

Nina maswali mawili. Kwanza, nguvu siyo mchango? Pili, nyie wenzangu msio na kitu mfukoni, huwa mnamsaidiaje mtu mpaka aone kweli kasaidiwa? Naomba mifano. Mahubiri nasikia kila Jumapili.

Ngoja Waje
Nimevuta kiti, wajuzi waje.

Mama Chapati
Pole mkuu. Ila mkono mtupu haulambwi. Jeneza halinunuliwi kwa malengelenge. Gari, mbao, mchele wa kulisha watu siku tatu, vyote hela. Umesaidia, sikatai, lakini mtaa mzima ungekuja na ndoo badala ya elfu tano, marehemu angezikwaje?

Binti Pangani
Mama Chapati, na mtaa mzima ungeleta elfu tano bila ndoo, huo mchele ungepikwa kwa maji yapi? Kutoa ni moyo, usambe si utajiri.

Babu Kidevu
Mjukuu wangu Binti Pangani, methali umeivunja mguu. "Usambe" ni "usiseme". Kwa hiyo ni "usambe NI utajiri". Ukitia "si" hapo unamkataza mtu asiseme kwamba si utajiri, yaani umemgeukia Kobe.

Binti Pangani
Shikamoo babu. Nimeiimba hivyo tangu darasa la tano, mwalimu wangu atajibu mbele ya haki.

Kijana wa Same
Kobe, umezaliwa mkoa usio wako. Kwetu Upareni nguvu ndiyo mchango wenyewe, inaitwa msaragambo. Pembe ikilia asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Mfereji ukiziba, barabara ikikatika, darasa likitaka msingi, watu wanashuka. Hakuna anayeuliza una shilingi ngapi.

Mangi wa Kibosho
Msaragambo ni wetu Wachaga, nyie tuliwaazima. Mifereji ya mlimani iliyoleta maji kwenye migomba ilichimbwa na kusafishwa hivyo hivyo, ukoo kwa ukoo, kabla hata ya Mjerumani.

Kijana wa Same
Mmetuazima au mmetuuzia? Maana Mchaga kuazima kitu bila riba sijawahi kuona.

Mangi wa Kibosho
Mpare naye akizungumzia riba! Nyie si ndio mnauza ng'ombe muendeshee kesi ya kuku?

Ngoja Waje
Watani wameshaanza. Mada imeuawa, na kaburi achimbe Kobe tena.

Dakika Tisini
Mkimaliza utani, Kijana wa Same atuambie jambo moja. Asiyeshuka kwenye msaragambo alifanywa nini?

Kijana wa Same
Faini. Zamani ilikuwa pombe au mbuzi, siku hizi hela. Na ukizoea kukwepa, siku ukifiwa wewe watu wanakuja wachache.

Dakika Tisini
Nilijua. Kwa hiyo nguvu ilikuwa inahesabiwa. Kulikuwa na mtu anayejua nani kaja na nani hakuja. Daftari la mjumbe wa Kobe lina safu mbili tu, jina na kiasi. Safu ya ndoo haimo. Kobe hakudharauliwa, alikosa mahali pa kuandikwa. Angemwambia mjumbe siku ya kwanza, "mimi niandike maji", mambo yangekuwa tofauti.

Mhasibu Mstaafu
Siafiki. Tatizo siyo safu. Mchango wa siku hizi ni mkopo tunaouita kwa jina zuri. Ninalo daftari la harusi ya binti yangu mpaka leo kabatini. Fulani elfu hamsini, fulani laki. Wakija na kadi zao nafungua ukurasa, narudisha kilekile, pengine naongeza kidogo nisionekane bahili. Deni la hela ni jepesi, lina tarakimu. Deni la mtu aliyelala nje kwako siku tatu unalilipaje? Watu wanakwepa kuliandika kwa sababu hawajui litaisha lini.

Wakala Tandika
Mimi naona simu ndiyo imetufikisha hapa. Kabla ya 2008, M-Pesa haijaingia Tanzania, ndugu aliyekuwa Songea akisikia msiba Dar alipanda basi. Akifika hana hela, lakini ana mikono. Sasa anakuja kibandani kwangu, anatuma elfu ishirini, anaandika "poleni sana", anarudi kwenye mpira. Simu imefanya kutokuwepo kuwe na heshima.

Mvuvi wa Likoni
Wakala, hapo wapiga chenga. Sisi Kenya tulianza na M-Pesa 2007, mwaka mzima mbele yenu, na hapa Likoni mtu akifa bado kaburi lachimbwa na vijana wa mtaa. Hakuna wa kukodiwa. Jeneza halikai begani mwa mtu hata dakika moja, wapokezana mbio mpaka makaburini kwa sababu kila mmoja ataka fungu lake la thawabu. Hakuna mjumbe aandikaye. Aandikaye ni mwengine. Tofauti iko kwenye kinachoaminiwa, simu zaonewa bure.

Na neno "harambee" mnalijua? Ni sauti ya makuli wakivuta kitu kizito pamoja. Shule za harambee za miaka ya sitini na sabini, kuna mzee alileta kokoto, kuna aliyeleta mgongo wake. Wanasiasa walipoingia na bahasha ndipo mgongo ukakosa bei.

Mtoto wa Goma
Bandugu jambo. Huku kwetu kazi ya pamoja inaitwa salongo, wazee wanakumbuka ya wakati wa Mobutu, Jumamosi watu wote nje na chepeo. Majirani zetu ng'ambo ya mpaka Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na usipotokea unaulizwa. Mi najiuliza, ukilazimishwa bado ni msaada?

Ngoja Waje
Na sisi tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka yanafunguliwa saa nne, wenye maduka wanashinda kitandani mpaka saa nne kasoro tano.

Maabara Zamu ya Usiku
Mmejazana kwenye swali la kwanza, naomba nijibu la pili.

Kobe, msaada ambao hela haiwezi kusimama mahali pake ni damu. Hakuna kiwanda chake. Tunachukua mililita 450 hivi, mwenyewe kutoka ni kama dakika kumi, ukijumlisha kupimwa na kukaa unywe soda ni chini ya saa moja. Kila chupa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ikipita tunaweza kuitenga: seli nyekundu zinakwenda kwa mama aliyetokwa damu uzazini, plazma, yaani maji ya damu, kwa mwingine, chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa mwingine. Chupa moja, watu mpaka watatu.

Watu wasichojua ni kwamba damu inaharibika. Seli nyekundu zikihifadhiwa kwenye friji kwa dawa tunayotumia wengi, siku 35. Chembe sahani siku tano tu, tena ziwe zinatikiswa muda wote. Tarehe 14 Juni, siku ya wachangia damu, tunafurika na kamera zinakuja. Mwisho wa Julai ile damu haipo hata tone. Shule zikifungwa ndiyo balaa, maana wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari.

Sharo wa Ilala
Mimi natoa kila baada ya miezi miwili, mwili mwepesi kabisa.

Maabara Zamu ya Usiku
Sharo, acha. Mwanaume ni miezi mitatu, mwanamke minne, ili wekundu wa damu urudi. Kama kuna mahali wanakukubalia kila miezi miwili basi hawasomi kadi yako, au hiyo ni chai.

Sharo wa Ilala
Sawa, ni chai. Nimetoa mara moja, 2019, kwa sababu ya soda.

Mwembamba
Mimi nimekwenda mara mbili nikarudishwa. Wanataka kilo 50, mimi nina 47. Mara ya pili nilikuwa nimekunywa maji lita moja na nusu mlangoni.

Mama Chapati
Huyo wa maabara anasema damu haina bei, mbona mwaka juzi hospitali moja (siitaji) nilidaiwa elfu themanini kwa ajili ya damu ya mdogo wangu? Risiti ninayo. Na bado wakasema tulete watu wawili kurudishia.

Maabara Zamu ya Usiku
Damu yenyewe haiuzwi. Ukiombwa hela pembeni bila risiti hiyo ni rushwa. Kwa kuwa una risiti inawezekana ni gharama za kupima na kumwekea, hospitali binafsi wanatoza huduma. Kurudishia ni ili kabati lisibaki tupu.

Mama Chapati
Majina ni mengi, hela ilitoka moja.

Dada wa Stesheneri
Nina stesheneri karibu na stendi, kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi. Nitatoa mfano wangu, mtahukumu wenyewe.

Kila msimu wa maombi ya mkopo wa chuo nakaa hapa mpaka saa tatu usiku. Mwaka mmoja akaja kijana na bahasha ya kaki imelowa jasho. Cheti cha kuzaliwa kinasema Shabani, cheti cha kidato cha nne kinasema Shaban. Herufi moja. Kuna mtu alikuwa ameshamwambia alete elfu hamsini "amrekebishie kwenye mfumo". Alikuwa nazo, mama yake kauza mbuzi.

Nikamkalisha. Nikamwambia hakuna mtu wa kukurekebishia kwenye mfumo, unachotaka ni hati ya kiapo cha majina, unaapa kwamba Shabani na Shaban ni wewe mmoja, wakili anagonga muhuri. Nina wakili mteja wangu, nikampigia, akasema mlete. Tumefika, muhuri umekauka. Akaupulizia pumzi, akagonga kwenye gazeti kwanza, kisha kwenye karatasi, mara mbili kwa sababu ya kwanza ilitoka nusu mwezi. Hakumdai kitu. Kutoka pale tukaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukarudi nikamskania kurasa zote moja moja, maana mfumo ulikuwa unakataa mafaili makubwa. Kazi yote mchana mmoja. Mbuzi wa mama yake alirudi kwa sura ya nauli.

Mkopo alipata. Kila akirudi likizo anapita kunitengenezea printa. Mara ya mwisho kaiua kabisa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Binti Pangani
Dada, huyo wakili yuko wapi? Nauliza kwa niaba ya jina langu lenye "h" mbili.

Mpangaji Chumba Kimoja
Nami nilikuwa na roho kama ya Dada wa Stesheneri. Ilinitoka siku moja.

Bibi mmoja tuliyepanga naye nyumba alikuwa ananipa simu nimtolee hela anayotumiwa na wanawe. Namba ya siri anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia. Siku moja shilingi laki na ishirini ikapotea. Nani alishika simu? Mimi. Nikapelekwa serikali ya mtaa, nimekaa kwenye benchi saa nne nzima na watu wanapita wananiangalia. Baadaye ikaonekana ni mjukuu. Bibi aliniomba radhi, lakini mtaani jina lilibaki na doa. Ukitoa hela hakuna anayekuita mwizi. Ukitoa mikono unaacha alama za vidole.

Kwa hiyo Dakika Tisini na Mhasibu, ongezeni hiyo kwenye sababu zenu. Watu wanaogopa.

Wakala Tandika
Mpangaji, pole. Mimi nina njia. Simu ya mtu mzima siishiki. Namwonyesha kitufe kwa kalamu, anabonyeza mwenyewe, ikifika kwenye namba ya siri nageuka naangalia barabara. Inachukua dakika saba badala ya moja, walio nyuma wananuna. Wakinuna nawaambia nanyi mtazeeka.

Sharo wa Ilala
Msaada hatari kuliko wote ni kumhamisha rafiki nyumba. Malipo soda. Nimewahi kushika upande wa chini wa friji kwenye ngazi, mwenye friji yuko juu anatoa maelekezo: "kushoto, kushoto kwako, siyo kwangu". Friji likachagua katikati. Mpaka leo tukionana ananiuliza habari za nyumbani, hanitajii friji, lakini naliona machoni.

Mangi wa Kibosho
Ungetoa elfu kumi ya makuli ungekuwa bado una rafiki. Ndiyo faida ya hela.

Kijana wa Same
Mangi kashapiga hesabu ya urafiki.

Mwembamba
Jana kwenye daladala mtu kashikwa na kifafa, abiria mmoja akataka kumtia kijiko mdomoni, wengine wakaanza kumnusisha kiberiti. Nilitamani kusaidia, sikujua nifanye nini. Kijiko ni sahihi?

Maabara Zamu ya Usiku
Siyo sahihi, kinavunja meno. Ulimi haumezwi. Sogeza vitu vigumu pembeni, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu ute utoke, usimkandamize, tazama saa. Ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, hospitali haraka. Akiamka usimpe maji mpaka akili imrudie. Na kaa naye, maana akiamka anaona aibu kuliko maumivu.

Babu Kidevu
Nimesoma yote. Nawapa ya kwangu. 1970 Mwalimu aliufanya mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwetu Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya zilizoambiwa zifute ujinga mapema. Nilikuwa nimemaliza la saba, nikapewa darasa la kisomo chini ya mwembe. Wanafunzi wangu walikuwa wakubwa kuliko baba yangu. Kulikuwa na mzee mvuvi, vidole vimekakamaa kwa nyavu, kalamu haikai. Nikamshika mkono, wangu juu ya wake, kama mtoto. Jina lake lilimchukua majuma matatu. Siku alipoliandika peke yake alilitazama, akauliza, "Huyu ndiye mimi?" Kisha akaenda kuliandika ubavuni mwa mtumbwi, kinyumenyume.

Ngoja Waje
Babu hapo umetuweza. Mlifundisha bure kabisa?

Babu Kidevu
Mwanzo bure. Baadaye ikaja posho, shilingi 30 kwa mwezi, ikichelewa kama meli.

Mhasibu Mstaafu
Mnaona? Msaragambo ulikuwa na faini na pombe, kisomo kilikuwa na posho, Likoni wana thawabu. Hakuna cha bure, mnabadilisha noti tu.

Mvuvi wa Likoni
Mzee, thawabu si noti. Huendi nayo kwa Wakala kuitoa.

Mama Chapati
Ngojeni niseme, nisije nikaonekana sina utu. Nilipolazwa kujifungua kwa upasuaji, mume wangu alikuwa safarini. Kuna mama wa nyumba ya tatu, hata jina lake kamili silijui, alikuja kila asubuhi na uji kwenye chupa ya chai, akachukua kanga zangu akafua, akanibebea mtoto nikatembea mpaka chooni. Ndugu zangu walituma hela nyingi tu. Hela ilikaa chini ya mto, na mimi nilikuwa siwezi kuinama. Huyo mama simsahau. Lakini bado nasema, bili ya hospitali ililipwa na hela ya chini ya mto. Kobe angekopa tu.

Muscat Kazini
Nipo Muscat mwaka wa sita, kwetu Makunduchi. Mama alipofariki nilituma hela zaidi ya kaka zangu wote wakijumlishwa. Mazishi hayakusubiri ndege, na sawa, maiti hakawizwi. Kaka zangu walimshusha kaburini, mimi nikaona kwenye simu, picha ikakwama walipofika kwenye kutia mchanga. Kobe, yakhe, elfu tano ninayo. Ndoo sikubeba.

Kobe wa Mbagala
Nimerudi wakuu, ahsanteni wote.

Juzi nimemfuata mjumbe na wazo la Dakika Tisini, nikamwambia aweke safu ya kazi. Akacheka, akasema akianza kuandika ndoo kila mtu atadai kabeba ndoo, na atalazimika kuajiri wa kuhesabu ndoo. Nikakosa jibu. Elfu tano nimelipa jana, kakata "bado" kwa mstari wa kalamu nyekundu, kwa hiyo sasa ndiyo inaonekana zaidi.

Ila mjane kaja nyumbani jioni. Hakuzungumzia mchango. Alitaka nimsaidie kuandika barua ya mirathi, anasema siku zile nilionekana mtu nisiyekwenda haraka. Mimi barua za mahakamani sizijui.

Dada wa Stesheneri
Mlete kwangu na cheti cha kifo, cha ndoa, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa. Cheti cha kifo kiangalieni majina kabla hamjatoka nyumbani. Herufi moja moja.

Mhasibu Mstaafu
Na asisaini chochote anacholetewa na shemeji zake kabla hajasomewa. Akitaka nitakuja kukaa naye kwenye kikao, nina suti na sura ya ukali.

Mama Chapati
Mhasibu leo unatoa mkopo wa riba ngapi?

Mwembamba
Wa maabara, uko zamu Jumamosi? Nimepima leo duka la dawa, kilo 50 kamili.

Maabara Zamu ya Usiku
Na viatu?

Mwembamba
Buti za mvua.

Maabara Zamu ya Usiku
Kale ugali, urudi mwezi ujao.